Mlinzi wa Ujerumani

Fleti Na. 204,
Annandale, Virginia,
Marekani.
15 Novemba 1998

Mpendwa Kaka Method,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako majani yote yameshaanguka na watu wameanza kutembea wamejikunja kama wenye msokoto wa tumbo. Hujambo? Wifi Honorata hajambo? Ule mguu wake uliovimba wakati wa Pasaka umepona, au bado anauburuza kwenda mferejini huku wewe umekaa unamwangalia? Mwanao Boniface anaendeleaje na masomo yake Dar?

Na Baba je? Nimemweka mwisho kwa makusudi, maana barua hii yote ni ya Baba. Kikohozi kimepungua? Usiniandikie tena "Mzee anaendelea vizuri" kama vile unajaza ripoti ya shule. Niambie anakula nini, na kama bado anatoka nje kuota jua asubuhi.

Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Bado namhudumia yule bibi kizee wa Kimarekani, Lorraine, naye bado ananiita kwa jina la binti yake ambaye hajaja kumwona tangu mwaka juzi. Sasa hivi amesinzia baada ya chakula cha mchana, ndiyo maana nimepata meza ya kuandikia.

Barua yako ya Oktoba niliipata Jumatano. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikakasirika zaidi, na ya nne nikavaa koti nikaenda kununua karatasi hizi.

Unasema kuna padri amerudi kutoka masomoni Ujerumani na gazeti, na ndani yake kuna picha ya Isack wangu juu ya barafu, ameshika gongo, damu inamtoka puani. Unasema, "Kumbe mwanao ni mcheza mpira, si mlinzi. Umemdanganya Baba miaka mitatu." Unasema Krismasi, watu wote wakishapanda Kibosho na mbuzi ameshachinjwa, utasimama kwenye kikao cha familia umwonyeshe Baba hiyo picha mbele ya kila mtu, ili kile kihamba cha chini, lile shamba la ukoo lenye migomba ya zamani na kaburi la Mama, ambacho Baba ametamka kuwa ni cha Isack, kirudi kwa "mtu anayestahili". Hukumtaja huyo mtu. Haya. Mimi na wewe tunajua jina lake ni Boniface, na mtoto wa watu wala hajaomba.

Sasa nisikilize, Kaka, na ukae kwanza.

Kosa la kwanza ni langu. Mwaka 1995 Isack alipochukuliwa na timu ya hoki ya mji mmoja mdogo huko Ujerumani, nilikaa nikawaandikia. Hebu niambie, hoki ya barafu ungeielezaje kwa watu wa Kibosho? Watu kumi na wawili wamevaa viatu vyenye visu, wanakimbizana juu ya barafu ndani ya jumba, wanagombania kitu cheusi kigumu kama kisigino cha kiatu. Yule anayezuia wenzake wasifungwe sisi tungemwita beki. Lakini "beki" niliona ni neno la watoto wa uwanja wa shule, na mimi nilitaka mwanangu apate neno la heshima. Nikaandika "mlinzi". Nakumbuka maneno yenyewe: Isack ameajiriwa Ujerumani, ni mlinzi, wamempa gongo na kofia ngumu, analinda upande wa kushoto, na mabosi wanasema akisimama yeye hakuna kitu kinachopita.

Wewe ndiye uliyemsomea Baba. Na wewe pia ulielewa hivyo hivyo, usinichekeshe! Jibu lako ninalo hapa mezani: "Pole sana dada, kumbe pamoja na Amerika yote hiyo mtoto ameishia kuwa mlinzi kama Mzee." Pole! Ulifurahi mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nilikaa siku hiyo hiyo nikaandika marekebisho. Nilieleza kila kitu, mpaka picha nikachora. Kabla sijaenda posta, akaja Mtanzania mmoja kutoka Herndon, alikuwa ametoka likizo Moshi, amebeba mzigo wangu. Nikafungua. Lilikuwa lile koti la Baba, refu, la kaki, lenye vifungo vya shaba. Ndani ya koti kulikuwa na rungu lake. Na mfukoni kikaratasi ambacho sijui nani alimwandikia, maana mwandiko haukuwa wako: "Mjukuu wangu, huko kuna baridi. Nilifikiri kazi yangu itakufa na mimi. Usilale kazini. Ni mimi babu yako, Mlinzi Silvanus."

Miaka thelathini na moja Baba alilinda ghala la kahawa la ushirika, Method. Nani katika familia hii aliwahi kumwambia ahsante kwa kazi ile? Watoto wa jirani walimwimbia, wajomba walimcheka kwenye pombe ya mbege, na sisi tuliosomeshwa na lile rungu tulijifanya hatulioni. Mtu wa kwanza kuifanya kazi yake ionekane kazi alikuwa Isack, tena kwa kosa la neno moja. Nikaichana ile barua ya marekebisho. Kama huo ni uongo, basi mimi ni mwongo, na nitajibu mbele ya Mungu, si mbele ya kikao chako.

Kumbuka pia siku mlipompeleka Baba kwenye simu ya parokia, kiangazi cha 1996, Isack alipokuwa hapa nyumbani mapumzikoni. Baba alimwuliza swali moja tu: "Unalala?" Isack akasema, "Silali, Babu." Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mama afe, na simu ikakatika. Isack akabaki ameshika mkono wa simu. Nikamweleza babu yake anafikiri nini. Akasema kwa Kiingereza chake, Mama, mwache, usimwambie, na aliporudi Ujerumani akaondoka na lile koti.

Sasa nikuambie huo "mchezo" ulivyokuwa, maana umeandika kama vile mtoto alikwenda Ulaya kuruka kamba. Kazi ya mlinzi kwenye hoki ni kuuweka mwili wako pale ambapo mwenye akili angeukwepesha. Wapinzani wakipiga, wewe unajilaza mbele yao. Na kile kitu cheusi wanakigandisha kabla ya mchezo ili kisidunde. Msimu wa kwanza kilimvunja vidole viwili. Wa pili kikamtoa meno matatu, jino moja akanitumia kwenye bahasha kwa utani, ninalo kwenye kopo la vifungo. Halafu kochi alikuwa na tabia yake. Mfungaji wa timu yao akiguswa, kochi anamgonga Isack begani mara mbili, maana yake nenda kapigane. Wazungu wenzake walikuwa na ngumi zao wenyewe, lakini kochi aliona za Isack ndizo zinafaa. Unajua kwa nini.

Kila walipokwenda kucheza mji fulani wa jirani, watazamaji walimtupia ndizi. Walizinunua sokoni, wakaja nazo uwanjani mifukoni, wakaketi nazo wakisubiri aingie.

Alinipigia simu Desemba iliyopita. Wewe hujui, lakini Isack anaelewa Kiswahili chote na siku zote hujibu kwa Kiingereza. Ukisikia amekijaribu Kiswahili ujue ameumia. Akasema, "Mama, wao wanatupa ndizi kwa mimi." Na mimi, mama yake niliyemzaa, nilikuwa nimetoka shifti mbili mfululizo, nimechoka, nikacheka. Nikamwambia, "Okota basi, upike mtori."

Hakucheka. Akasema anataka kurudi nyumbani. Nikamkatalia. Nilimwambia hapa Annandale mpaka Greenbelt kila Mtanzania anajua nina mtoto anayecheza Ulaya, sasa akirudi katikati ya msimu nitauficha wapi uso wangu? Nikamwambia babu yake hakuacha lindo hata siku moja, mvua wala homa. Unaona nilichofanya? Babu alimtumia koti ampe joto, mimi nikalichukua nikamfungia nalo mlango.

Siku ishirini na tatu baada ya simu ile, kile kitu cheusi kilimpata chini ya jicho la kushoto. Madaktari walihangaika sana. Jicho lipo, linang'aa, linageuka pamoja na mwenzake, ila halioni kitu, na halitaona. Timu ilimpa barua ya mistari minne na jezi yake namba tano kwenye fremu. Kabla hajatoka hospitali, uwanjani namba tano ilishavaliwa na mtu mwingine.

Nilimpokea uwanja wa ndege mwezi wa pili. Alitoka amevaa koti la Baba, begi moja begani, plasta nusu ya uso. Aliponiona alikigeuza kichwa chote ili anitazame kwa jicho zima. Mpaka leo hajaniambia neno baya hata moja. Angenitukana, ningepumua.

Kwetu mtu akikosa hupeleka jani la isale, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nilifikiri huku halipo. Mwezi wa nne nikalikuta dukani, limepandwa kwenye chungu, linauzwa kama pambo la maofisi! Nilisimama pale dukani nikilia mbele ya maua mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina mzio. Nikalinunua, nikaliweka mlangoni kwa Isack, nikasubiri. Alipoamka alilitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba limependeza, na tangu siku hiyo analimwagilia maji. Mtoto wangu hajui lile jani linasema nini. Sijapata mdomo wa kumweleza. Kila Jumamosi namwona na kikombe cha maji anaunywesha msamaha wangu, na mimi napita kama sioni.

Haya, hiyo ni aibu yangu, nimekuvulia nguo yote. Sasa tuje kwako.

Mwaka 1964 ulikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alitoka lindoni asubuhi, hakulala, tukashuka mimi na yeye kwa miguu kukuletea mkungu wa ndizi na kiatu chako alichokipeleka kushonwa. Alikuwa na koti lile lile na rungu lile lile, maana hakutaka kuchelewa kwa kupitia nyumbani kubadilisha. Ulikuwa umesimama getini na wenzako. Wakakuuliza huyu ni nani. Ukasema, "Ni mlinzi wetu wa nyumbani."

Baba alikusikia. Usijidanganye kwamba hakusikia. Alikukabidhi mkungu kwa mikono miwili kama wanavyofanya watumishi, akasema, "Baba yako anakusalimu," akageuka. Tulipofika kwenye mfereji wetu akanawa uso, akaniambia nisimwambie Mama. Sikumwambia. Mama amezikwa hajui. Sijamwambia mtu miaka thelathini na minne, na wewe umekaa raha mustarehe ukifikiri nilikuwa mdogo nimesahau. Thubutu!

Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, kurasa mbili, nimeifunga kwa gundi. Isack atakuja nayo. Hajui kilichomo. Siku ya kikao, ukisimama na gazeti lako, yeye atamkabidhi Padri ile bahasha asome kwa sauti. Ukinyamaza, atanirudishia haijafunguliwa, nami nitaichoma kwenye jiko la Bibi Lorraine, na tutabaki ndugu kama zamani. Najua huu ni ukatili. Nimeusomea kwako.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Isack anakuja. Anapanda ndege tarehe 19 Desemba na atafika KIA tarehe 21, Mungu akipenda. Amekuwa akiniuliza tangu mwezi wa pili, "Mama, kile kihamba bado kipo?" Hajui kahawa inachumwaje, hajui kumenya ndizi mbichi bila kujichafua utomvu, lakini ameondolewa kila mahali alipowahi kuwa wa maana, na hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu alitamka jina lake bila kumwona na akasema ni pake. Ukimwondoa hapo, Method, sijui nitamrudisha wapi.

Kuhusu barafu na ndizi na jicho, hayo atamweleza Baba mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili chake kibovu, siku atakayoona inafaa. Ni mambo yake. Hayakuwa yangu ya kuficha na wala si yako ya kutangazia watu wakiwa na mifupa ya mbuzi mkononi.

Na tena hilo gazeti lako limeshapitwa na wakati. Mwezi wa sita, kwenye harusi ya Wakenya, nilikutana na bwana mmoja anaitwa Ndirangu, msimamizi wa walinzi kwenye majengo ya kompyuta kule Herndon. Nikamwombea Isack kazi. Akaniuliza kijana ana uzoefu gani. Nikajikuta nasema, "Alikuwa mlinzi Ujerumani, miaka mitatu." Akatoa kalamu akaandika hivyo hivyo kwenye fomu. "Hiyo iko sawa kabisa, mama," akasema, "acha aanze Jumatatu." Nilikwenda msalani nikacheka mpaka nikaumwa mbavu, halafu nikanawa uso kama Baba pale mferejini.

Tangu Jumatatu ile Isack analinda. Ana sare, ana tochi, ana funguo nyingi kiunoni, na kwa jicho lake moja anatazama televisheni kumi na mbili kwa wakati mmoja. Kazini hawaruhusu rungu, lakini koti wamemruhusu, juu ya sare, wakati wa baridi. Wenzake wawili walifukuzwa mwezi uliopita kwa kusinzia. Yeye hapana.

Mtume Boniface akampokee uwanja wa ndege, yeye peke yake, msiende kijiji kizima. Mwambie asimame upande wa kulia wa Isack. Kushoto Isack haoni, na Boniface ataona kama amedharauliwa na mwenzake kumbe ni jicho. Na mkifika kwenye ule uzio wa masale wa kihamba cha chini, mwombe Baba amweleze lile jani kazi yake ni nini. Mimi nimeshindwa. Akielewa, atakumbuka kuna moja mlangoni kwake huku, na atajua nani aliliweka.

Msalimie sana Wifi Honorata, mwambie dawa ya mguu Isack anayo kwenye begi, asikubali uitumie wewe. Msalimie Boniface, mwambie shangazi hana ugomvi naye hata chembe. Wasalimie wote watakaopanda Krismasi.

Baba mpe shikamoo yangu, umpe kwa sauti kubwa. Akikuuliza kama mjukuu wake bado yuko kwenye kazi ile, usimung'unye maneno. Mwambie: Isack ni mlinzi halali. Hilo neno la mwisho lisome utakavyo, yote mawili ni kweli.

Mungu akulinde, Kaka. Naye ni mlinzi; usione haya kumwita Baba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,

Flaviana